Mausiku matatu ndani ya jumba la kale la kabaila, mashambani Uingereza (uzi mrefu, karibuni)

Mwanamasika (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huu ni mwaka wangu wa nne Birmingham, kazi yangu uuguzi. Likizo zangu nyingi zimeishia kulala na kupiga simu nyumbani. Novemba mwaka jana nikasema basi, safari hii nafanya lile nililolitamani tangu nifike nchi hii: kulala ndani ya jumba la kale la mashambani. Yale majumba unayaona kwa mbali ukiwa kwenye treni, dohani kumi juu ya paa, miti mikubwa imeyazunguka, na hujui nani anakaa humo.

Yapo yanayotembelewa mchana kwa tiketi. Unapita nyuma ya kamba, unatazama vitanda usivyoruhusiwa kuvigusa, saa kumi na moja mnatolewa nje. Hayo nimeshayaona. Nilichotaka ni kuwemo humo milango inapofungwa, niisikie nyumba inavyolia usiku, asubuhi nifungue dirisha lake mwenyewe.

Inawezekana, na si kwa matajiri peke yao. Mengi ya majumba haya bado ni mali ya familia na familia inaishi humo humo. Wanatenga vyumba viwili, vitatu, wanapokea wageni: kitanda na kifungua kinywa, B&B kama wanavyoita wenyewe. Hii si hoteli. Hakuna dawati la mapokezi wala mlinzi wa usiku, na ukipiga kengele anayekuja mlangoni ni mwenye nyumba mwenyewe.

Nitaandika kwa vipande kila nikitoka zamu. Wenye maswali tupieni.

Baharia Mstaafu

Naweka kambi hapa. Dada, usije ukatuacha njiani kama nyuzi nyingine.

Mchumia Juani

Asante mleta uzi. Mimi naanzia kwenye pesa. Ni kiasi gani, na ulilipataje? Mama yangu anakuja kunitembelea mwezi wa tano, natafuta pa kumpeleka pa tofauti na maduka.

Mwanamasika

Mkuu Mchumia Juani, nililipa paundi 145 kwa usiku. Bei ni ya chumba, muwe wawili au mmoja ni ileile, kifungua kinywa kimo ndani. Msimu wa joto ilikuwa juu zaidi, ndiyo maana nilichagua Novemba. Kuna majumba yanayodai mara mbili ya hiyo, na kuna nyumba za kale ndogo, za mapadri au za wakulima wakubwa, zinazodai pungufu.

Kulipata: nilifungua ramani nikaangalia eneo la Shropshire, mpakani na Wales, kwa sababu treni inafika Ludlow na mimi sina gari. Nikaandikia nyumba tatu barua pepe. Mbili zilinijibu kwa mistari miwili. Ya tatu mama mwenye nyumba aliniandikia barua ndefu, akaniambia ghorofa ya chumba, idadi ya ngazi, bafu liko wapi, mbwa ni wangapi, na kwamba Jumapili teksi hazipatikani hivyo nisipange kuondoka siku hiyo bila kumwambia. Nikaichagua hiyo. Jina la nyumba naliweka kapuni, ni makazi ya watu.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo: andika kwanza, uliza, kisha pima jibu. Anayejibu kwa kina ndiye atakayekupokea kwa kina.

Bintiwapwani

Mie nilipata la kunipata kwa kutouliza. Tulikwenda jumba moja, mkoa mwingine kabisa, picha zinaonyesha vitanda vya nguzo nne na dari za maua. Kufika tunaambiwa vyumba vyetu viko nyuma, kwenye yaliyokuwa mazizi ya farasi. Pazuri, pasafi, lakini jumba lenyewe tuliliona kwa dirisha tu. Na Jumamosi ile walikuwa wamelikodisha kwa harusi, muziki hadi saa sita za usiku. Waulizeni kabla ya kulipa: chumba kimo ndani ya jumba kuu? Kuna shughuli siku hizo?

Na swali langu mleta uzi: chakula cha asubuhi je, kwa sisi tusiokula nguruwe?

Mwanamasika

Pole sana Bintiwapwani, hayo ya harusi hata mimi sikuyawaza. Nitayaongeza kwenye orodha yangu.

Chakula: kifungua kinywa kamili cha Kiingereza ni mayai, bekoni, soseji, maharage ya nyanya, uyoga, nyanya za kukaanga na mkate wa kubanika, na mara nyingi soseji nyeusi ambayo imetengenezwa kwa damu. Kwa hiyo nguruwe amejaa sahani nzima. Sema mapema, siku ya kuandika ile barua, wala si asubuhi ukiwa mezani. Mimi nilisema sili bekoni wala soseji, nikakuta samaki wa kukaushwa kwa moshi, mayai na uyoga vimeandaliwa kwenye kikaango chake peke yake. Mama yule aliniambia bila mimi kuuliza kwamba kikaango hakijachanganywa. Nilifurahi mno.

Na saa za kula zina mipaka. Pale ilikuwa kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu asubuhi. Mpishi ndiye huyo huyo anayetandika vitanda.

Sasa niwasimulie kufika.

Nilitoka Birmingham, nikabadilisha treni Shrewsbury, nikashuka Ludlow. Teksi niliyokuwa nimeiweka tangu wiki iliyotangulia ikanichukua. Novemba kule saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, kwa hiyo sikuona chochote ila mwanga wa taa mbili mwisho wa njia ya miti. Mama mwenye nyumba alitoka na mabuti ya mvua na mbwa wawili, akabeba begi langu kabla sijakataa.

Nyumba ile si kitu kimoja. Katikati ni ya mbao na plasta, ya miaka ya 1590. Mbele kuna sehemu ya matofali ya miaka ya 1750, madirisha makubwa yamepangwa sawasawa, yale ya kusukuma kwenda juu. Nyuma kuna jiko lililoongezwa baadaye. Kila kizazi kilipopata pesa kilijenga mbele yake, kile cha zamani kikasukumwa nyuma. Ukitembea kutoka sebuleni kwenda jikoni unapita kama miaka 160 kwa hatua kama arobaini, na unaisikia miguuni: sakafu inashuka, dari inashuka, kuta zinanenepa.

Chumba changu kilikuwa ghorofa ya pili, upande wa zamani. Samadari ya nguzo nne, na mapazia yake mazito pande zote. Nilidhani ni mapambo. Kumbe zamani vyumba vilifunguana kimoja hadi kingine, korido hazikuwa kitu cha kawaida, watu walipita chumbani kwako kwenda kwao. Pazia lilikuwa ndiyo faragha yako, na ndilo lilikuzuilia baridi. Usiku ule niliyafunga yote, nikaelewa kwa mwili.

Baridi ndiyo nitaisema bila kuficha. Vyuma vya kupasha joto vinawashwa asubuhi na jioni tu. Katikati ya usiku nyumba inapoa. Nilikuta blanketi tatu za sufu na chupa ya mpira ya maji ya moto imeshawekwa chini ya shuka. Bafu liko ng'ambo ya korido, langu peke yangu lakini lazima utoke, na maji yake yana rangi ya chai hafifu kwa sababu yanatoka kwenye kisima chao. Nendeni na soksi nene na kandambili zenye manyoya.

Mkweli Daima

Paundi 145 na unasikia baridi? Kwa nini asiweke madirisha ya vioo viwili kama nyumba za watu? Mimi naona hapo mnauziwa uzembe kwa jina la historia.

Fundi Chokaa

Mkuu Mkweli Daima, hapo niruhusu, kwa sababu nimefanya kazi kwenye majengo ya aina hiyo miaka sita.

Hawezi kuamka tu akabadilisha dirisha. Majengo ya kale Uingereza yameorodheshwa kisheria. Karibu kila jengo la kabla ya 1700 lililobaki na sura yake limo kwenye orodha, na mengi ya kati ya 1700 na 1850. Kuna madaraja matatu: la kwanza, ambalo ni kama asilimia 2.5 tu ya yote. La pili lenye nyota, kama asilimia 5.8, na la pili la kawaida, ambamo mengine yote yamo. Ukiwa kwenye orodha, huondoi dirisha, hubomoi ukuta, huhamishi ngazi hata za ndani bila kibali. Ukifanya bila kibali ni kosa la jinai, si faini ya manispaa tu. Na ukinunua nyumba ambayo mwenye zamani alikosea, unaweza kulazimishwa wewe kurekebisha.

Halafu kuna suala la saruji. Kuta zile zimejengwa kwa chokaa. Chokaa inapitisha unyevu: ukuta unaloa, ukuta unakauka. Miaka ya nyuma watu walizipiga plasta ya saruji wakidhani wanaziimarisha, unyevu ukafungiwa ndani, mbao zikaoza, matofali yakaanza kumeguka uso. Nimebandua saruji ya namna hiyo kwa patasi, wiki nzima kwa ukuta mmoja, taratibu ili tofali lisitoke nayo. Chokaa nayo haitaki haraka. Baridi ya barafu ikiikuta haijakomaa inapasuka, kwa hiyo kazi zake za nje tunazifanya miezi ya joto. Hiyo ndiyo miezi ambayo wageni wa mwenye nyumba nao wanakuja kwa wingi na hawataki kuona jukwaa la mafundi. Anapoteza mara mbili.

Na kodi: ukijenga nyumba mpya ya kuishi, VAT ni sifuri. Ukikarabati ya kale, unalipa asilimia 20. Zamani mabadiliko yaliyoidhinishwa kwenye jengo la orodha yalisamehewa, msamaha huo ukaondolewa Oktoba 2012. Kwa hiyo wageni wale watatu wanne ndio wanaolipia paa.

Mwanamasika

Fundi, umenigusa. Mama mwenye nyumba aliniambia maneno yaleyale asubuhi ya pili: fedha ya vyumba inakwenda juu. Juu akimaanisha paani. Paa lake lina mabonde ya risasi, yale mabamba ya madini, na kila mwaka anatengeneza kipande kimoja tu.

Mwalimu wa Zamu

Niongeze kidogo kuhusu kwa nini mengi hayapo tena. Kodi ya urithi ya kisasa ilianza 1894, ikapanda mpaka kufikia 1919 kwenye mali kubwa kabisa ikawa asilimia 40, na baada ya Vita ya Pili ikazidi hapo sana. Watumishi wakaenda viwandani na vitani. Wakati wa vita serikali ikayachukua majumba kwa ajili ya jeshi, hospitali na shule. Jumba la Chatsworth lilikuwa shule ya bweni ya wasichana. Wenyewe waliporudi, mengi hayakaliki. Mwaka 1974 makumbusho ya Victoria and Albert ya London yalifanya maonyesho juu ya majumba yaliyobomolewa tangu 1875, hesabu ikapita 1,000.

Yaliyosalia yalipata njia mbalimbali. Longleat ilifungua milango kwa wageni wa kulipa mwaka 1949. Mengine yalikabidhiwa National Trust, taasisi iliyoundwa 1895. Blickling Hall ya Norfolk iliingia huko 1940. Na hayo madogo madogo yasiyoweza kuvuta watu elfu kwa siku, ndiyo yakageukia vyumba vya kulala. Kwa hiyo alichokifanya mleta uzi ni sehemu ya mwisho ya historia ndefu.

Mkweli Daima

Nashukuru kwa elimu, nimejifunza. Lakini bado nina neno, na nalisema kwa heshima. Majumba haya yalijengwa kwa jasho la nani? Sukari ya Jamaika, watumwa, mali za India. Sisi Waafrika tukalipe paundi 145 tulale kwenye kitanda cha aliyetunyonya, tukisaidie paa lake lisivuje? Nafsi yangu inakataa.

Mwalimu wa Zamu

Swali la haki kabisa. Baadhi ni hivyo hasa. Harewood House ya Yorkshire ilijengwa kati ya 1759 na 1771 na familia iliyotajirika kwa biashara ya visiwa vya Karibiani. Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ya Uingereza ililipa fidia ya paundi milioni 20. Ililipwa wamiliki. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Deni lililokopwa kwa ajili ya fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015.

Mwaka 2020 National Trust ilitoa ripoti kuhusu majumba yake: 93 yana uhusiano na ukoloni na utumwa. Na University College London ina hifadhidata ya wote waliodai fidia, iko wazi kwenye intaneti, unaandika jina la familia unaona. Mtu akitaka kulala kwenye jumba lolote, atafute kwanza humo. Dakika tano tu.

Mwanamasika

Mkweli Daima, nilikuwa nakuja huko. Kwa kweli hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, mengine yote ni ya njiani. Naomba msome kipande hiki taratibu.

Asubuhi ya pili mvua ilinyesha hadi mchana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshatazama dirishani nikaona kondoo wanakuja moja kwa moja kwenye majani ya mbele ya nyumba, hakuna uzio wala kamba. Nikatoka na mwavuli kuangalia: kuna handaki refu, upande mmoja limejengewa ukuta, upande wa pili linateremka kwa majani. Ukiwa dirishani hulioni kabisa. Walilichimba ili kabaila akitazama shamba lake asione kizuizi chochote kati yake na upeo wa macho. Nilisimama ukingoni nikajiuliza nani alichimba, kwa sepetu, kwenye udongo ule mzito.

Niliporudi nimeloa nikamwomba mama mwenye nyumba jambo moja. Nikamwambia: sebule nimeiona, nzuri sana, naomba unionyeshe walikopita wafanyakazi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema wageni karibu wote huomba waone picha za mababu.

Kuna mlango umefunikwa kitambaa kizito cha kijani, umepigiliwa misumari ya shaba. Kitambaa kile ni cha kuzuia sauti na harufu za jikoni zisifike upande wa wenyewe. Ukiusukuma, nyumba inabadilika palepale. Zulia linaisha. Ngazi ni za mawe, nyembamba, zinazunguka, na katikati ya kila ngazi pameliwa kama sahani. Miguu ndiyo iliyokula. Ukutani kuna ubao wa kengele, kumi na moja, kila moja kwenye springi yake, chini yake jina la chumba. Chumba nilicholala mimi kilikuwa kwenye ubao ule.

Mimi ni muuguzi. Najua kubeba beseni la maji ya moto kutoka mwisho mmoja wa wodi hadi mwingine bila kumwaga, na najua kulirudisha likiwa na uchafu wa mtu. Kabla ya mabomba, kila tone la maji ya kuoga katika nyumba ile lilipanda zile ngazi mikononi mwa binti wa miaka kumi na tano au kumi na sita, na kila chungu cha haja kilishuka zilezile. Nilihesabu ngazi nikiwa nashuka: hamsini na mbili hadi chumbani kwangu. Nilikaa kwenye moja. Ilinichukua kama mwili wangu ulikuwa unaijua.

Halafu piano.

Ipo kwenye chumba cha kukaa, ya mbao nyeusi. Bibi wa mume wake aliinunua London mwaka 1884, risiti bado wanayo. Nikauliza kama naweza kuigusa, akasema iguse. Vitufe vyake vyeupe vimekuwa rangi ya siagi. Akanionyesha kwa ukucha: kila kitufe kina mstari mwembamba, pale vipande viwili vilipounganishwa, kwa sababu ni pembe, na pembe hukatwa vipande vyembamba viwili kwa kila kitufe. Vya plastiki havina mstari huo.

Wakuu, 1884 soko kubwa la pembe za ndovu Afrika Mashariki lilikuwa Unguja, na pembe ya kwetu ndiyo iliyopendwa kwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi kwa sababu ni laini kuikata na haipasuki haraka. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili (frasila ni kipimo cha zamani, kama kilo 16). Begani, kutoka Ujiji, kutoka Tabora, hadi Bagamoyo, miezi mitatu na zaidi njiani. Mama yangu mzazi ni Mnyamwezi. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, hilo kwetu linasimuliwa mpaka leo, na jina la ukoo limetoka humo.

Nilimweleza mama mwenye nyumba. Nilimweleza yote, njia, frasila, Bagamoyo. Alikaa kwenye kiti akasikiliza hadi mwisho. Akasema ameifuta vumbi piano ile miaka thelathini na hakuna aliyewahi kumwambia ilipita wapi. Akaleta daftari la wageni akaniomba niyaandike yale niliyoyasema, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nikaandika kurasa mbili. Yako pale.

Nilipofika kwangu nikatafuta familia ile kwenye hifadhidata aliyoitaja Mwalimu. Sikuikuta. Lakini piano ipo.

Kwa hiyo Mkweli Daima, mimi sikulipa ili nilale kitandani kwa kabaila. Nililipa ili nipate muda. Wa tiketi ya mchana hawezi kuufungua mlango wa kijani, na piano inakaa nyuma ya kamba. Mgeni wa kulala anakaa na mwenye nyumba mezani, anauliza, naye anajibu kwa sababu uko kwake. Vitu vyetu vimo ndani ya nyumba zile. Asipokwenda anayevijua, vitaendelea kufutwa vumbi tu.

Baharia Mstaafu

Nimesoma mara mbili. Hapo kwenye ngazi hamsini na mbili nimesimama.

Bintiwapwani

Dada, Mungu akuzidishie. Babu yangu mie alikuwa upande wa pili wa biashara hiyohiyo, mwenye jahazi. Nimekaa kimya nafikiri.

Mkweli Daima

Nimekuelewa, bibie. Kauli yangu ya nafsi kukataa naiacha hapo kwa upande wangu, lakini ulilofanya ni la maana na nakupa heshima yako. Swali: piano ile akitaka kuiuza inaruhusiwa? Nilisikia pembe zimepigwa marufuku hata za zamani.

Mwalimu wa Zamu

Sheria ya pembe ya Uingereza ni ya 2018, ilianza kutumika Juni 2022. Kuuza pembe ni marufuku, za zamani pia, ila kuna misamaha michache. Ala za muziki zilizotengenezwa kabla ya 1975 zenye pembe chini ya asilimia 20 zinaruhusiwa, lakini lazima zisajiliwe kwanza. Kumiliki tu bila kuuza hakuna tatizo.

Fundi Chokaa

Mleta uzi, huko upande wa mbao wa 1590 hukuona mahali pa kujificha? Nyumba za Wakatoliki za wakati ule zilikuwa na matundu ya kufichia mapadri, maana sheria ya 1585 ilimfanya padri kuwa mhaini. Aliyekuwa bingwa wa kuyajenga ni Nicholas Owen, seremala, alifia mateso kwenye Mnara wa London 1606 na hakutoa siri ya hata nyumba moja. Ukienda Harvington Hall, Worcestershire, utayaona, moja liko chini ya ngazi. Kwa fundi yeyote ni mahali pa kwenda.

Mwanamasika

Fundi, ya pale haikuwa ya Wakatoliki, hakuna tundu. Harvington naiweka kwenye orodha, si mbali na kwangu.

Mchumia Juani

Wakuu, narudi na langu. Mama ana miaka 71 na goti moja linamsumbua. Hizo ngazi hamsini na mbili hatoziweza. Lifti je?

Mwanamasika

Usitegemee lifti, mkuu. Kuiweka ni kukata sakafu za karne nne, na Fundi ameshaeleza habari ya kibali. Lakini nyumba nyingi zina chumba kimoja chini, au kwenye yale mazizi aliyolalamikia Bintiwapwani. Kwa mama mwenye goti, zizi lililotengenezwa vizuri ni bora kuliko samadari ya ghorofani: joto linashika, bafu liko ndani, hakuna ngazi. Uliza tu kama kifungua kinywa kinaliwa ndani ya jumba kuu, na kuna vidato vingapi kutoka uani hadi mezani. Mwezi wa tano vyuma vya joto wengi wameshavizima, kwa hiyo mbebee sweta hata kama jua linawaka. Na kama mtapenda kupika wenyewe, ipo taasisi ya Landmark Trust, tangu 1965, inayokodisha majengo ya kale bila mwenyeji wala televisheni. Ila huko hutapata wa kuongea naye mezani.

Mchumia Juani

Mleta uzi, mrejesho. Nilikutumia ujumbe faragha ukanipa jina la nyumba, asante. Nimeandika, mama mwenye nyumba amejibu siku hiyohiyo. Tumepata chumba cha uani, kidato kimoja tu hadi jikoni, usiku wa tarehe 14 na 15. Nimemsomea mama uzi wako wote kwenye simu. Ameuliza kitu kimoja: hilo daftari la wageni, na yeye ataruhusiwa kuandika? Anasema baba yake alizaliwa Bagamoyo na ana ya kuongeza.

Mwanamasika

Ataruhusiwa. Mwambie alifungue ukurasa wa Novemba, kuna nafasi nimeiacha chini ya maandishi yangu. Na apige piano ikiwa anapenda, kitufe cha tatu kutoka kushoto hakitoi sauti, asidhani amekiharibu yeye.